Laini 11, Watu 5: Kundi la Wanafunzi wa Biashara na Namba Iliyozidi Idadi ya Watu

Namba yenyewe ilikuwa kwenye slaidi ya tatu, kwa rangi ya kijani na herufi kubwa kuliko zote: watumiaji milioni 70. Wanafunzi watano wa mwaka wa pili wa biashara walikuwa wakiwasilisha mpango wa programu ya simu ya kukusanya michango ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na walisema hao milioni 70 ndio soko lao. Mhadhiri aliwaacha wakamaliza slaidi zote kumi na mbili. Kisha akawauliza, "Tanzania ina watu wangapi?"

Kiongozi wa kundi akajibu kuwa kwa mujibu wa sensa ni milioni sitini na moja na kitu. Jibu lilikuwa sahihi. Akalisikia mwenyewe likimtoka, akageuka kuitazama slaidi, akanyamaza. Darasa likaanza kucheka kabla mhadhiri hajasema neno la pili.

Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma. Mimi ni mkutubi, nahudumia wanafunzi wa biashara katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, na wiki sita kabla ya siku hiyo niliwafundisha watano hao, pamoja na wenzao wote wa mwaka wa pili, somo la stadi za taarifa, yaani namna ya kutafuta taarifa, kuzipima na kuzitumia. Sikuweza kucheka. Mkono wangu ulikuwamo kwenye lile kosa. Kisa hiki ni cha muhula wa pili wa mwaka 2024, nami nakieleza kwa urefu kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo wakutubi tunakosea mara nyingi tunapokutana na wanafunzi wa biashara.

Nilichokuwa nimewafundisha

Somo lilikuwa la saa moja, ukumbini, wanafunzi zaidi ya mia na projekta moja. Niliwaonyesha katalogi ya maktaba, namna ya kuingia Research4Life kwenye majarida ya kitaaluma, namna ya kutafuta makala kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, namna ya kuunganisha maneno ya kutafutia, na namna ya kuandika rejea ili mtu asije akashtakiwa kuiba kazi ya mwenzake. Yote yalikuwa ya kweli. Ila niliyasema wiki ya pili ya muhula, wakati hakuna hata mmoja aliyekuwa na swali mkononi. Waliandika, wakafunga madaftari, wakaenda zao.

Kasoro ya pili ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Nilifundisha kana kwamba kila jibu liko kwenye jarida. Mwanafunzi wa udaktari wa binadamu, sawa, majarida ndiko kwake. Mwanafunzi wa biashara anatafuta vitu vya namna nyingine: soko lina ukubwa gani, mshindani ni nani na anamilikiwa na nani, leseni inatolewa wapi, bei ilikuwaje miaka mitatu iliyopita. Majibu ya hayo yamo kwenye taarifa ya robo mwaka ya mamlaka fulani, kwenye hesabu za kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwenye daftari la BRELA inayosajili kampuni, kwenye sheria, kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Mara nyingine yamo kwenye faili la ofisi ya kata ambalo halijawahi kuingia mtandaoni. Na kila mojawapo ya hayo limeandikwa na mtu mwenye sababu yake ya kuhesabu.

Inafaa kukumbuka kwamba dhana yenyewe ya stadi za taarifa ilianzia upande wa biashara. Aliyeliandika kwanza jina lake, mwaka 1974, ni Paul Zurkowski, rais wa chama cha kampuni za Marekani zilizokuwa zikiuza taarifa. Alikuwa akiwazungumzia watu waliofunzwa kutumia taarifa katika kazi zao. Sisi wakutubi tukaichukua, tukaipeleka maktabani, na tulipoipeleka huko tukaigeuza kuwa somo la kutafuta makala.

Jumatatu, meza ya maktaba

Walikuja wote watano bila kuitwa. Kiongozi akasema, "Madam, tunaomba utusaidie kupata namba sahihi." Nikawaambia tusitafute namba mpya kwanza. Tuitafute hii ya zamani ilikozaliwa.

Waliitoa kwenye tovuti ya kampuni inayouza ripoti za masoko. Anayezijua tovuti hizi anajua zinavyofanya kazi: ripoti kamili inauzwa kwa maelfu ya dola, na ukurasa wa mbele unakupa sentensi moja ya bure yenye namba kubwa na neno "inakua". Mwanafunzi ambaye hana maelfu ya dola huchukua ile sentensi. Nikawauliza kwa nini waliiamini. Wakasema ina grafu, ina nembo, ina anwani ya Marekani, na haina makosa ya lugha.

Hapo niliwasimulia utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, wa mwaka 2017. Waliwaweka mbele ya kompyuta watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi wa habari 10 ambao kazi yao ni kuthibitisha ukweli wa habari, na wanafunzi 25 wa chuo hichohicho. Tovuti mojawapo waliyopewa kupima ilihusu kima cha chini cha mshahara. Ilijitambulisha kuwa ni mradi wa taasisi ya utafiti, kumbe taasisi hiyo inaendeshwa na kampuni ya uhusiano wa umma ya Washington. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wanahistoria, walibaki ndani ya tovuti wakiisoma kuanzia juu hadi chini, wakitazama nembo na mpangilio wake. Wakaguzi wa habari walitoka humo mapema sana, wakafungua kurasa nyingine pembeni kuuliza: hawa ni akina nani, na wengine wanasemaje juu yao? Walisoma kidogo kuliko wote, na wakaujua ukweli haraka kuliko wote.

"Kwa hiyo tutoke," akasema binti mmoja wa kundi, anayetoka Songea. Tukatoka. Tukainakili sentensi yenyewe na kuitafuta. Ikaonekana imerudiwa karibu neno kwa neno kwenye kurasa nyingine tatu, hakuna hata moja iliyosema imeitoa wapi, isipokuwa moja iliyotaja TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa herufi ndogo. Mwanafunzi mwingine akakiri kwamba walikwisha kuiuliza akili mnemba ili kuthibitisha, nayo ikawapa namba ileile pamoja na jina la makala, mwaka na jarida. Tukaitafuta makala hiyo AJOL. Haikuwepo. Tukalitafuta jarida lenyewe kwa toleo lililotajwa, likaonekana toleo, makala haimo. Sikuwakaripia. Nilitaka walione tu kwa macho yao wenyewe, kwamba rejea inaweza kuandikwa vizuri kwa kila nukta na bado isielekeze popote.

Taarifa ya TCRA haikutuchukua muda. Mamlaka hiyo hutoa takwimu kila robo mwaka, na ile ya Desemba 2023 ilikuwa wazi: zaidi ya milioni 70. Wakafurahi. Namba yao haikuwa ya uongo!

Nikawaomba wasome neno lililoandikwa pembeni ya namba. Laini.

Laini 11

"Toeni simu zenu zote mezani," nikawaambia, "na kila laini mliyonayo." Simu saba zikawekwa. Wawili walikuwa na simu ya kawaida na kitochi pembeni. Tukahesabu laini moja moja, kila mtu akitaja kazi yake. Hii ya bando la usiku. Hii ya nyumbani, maana kijijini kwetu ndiyo inayoshika mtandao. Hii ya kupokea hela kwa mzee. Hii iko kwenye modemu, sijaitumia tangu mwezi uliopita. Zikafika 11 kwa watu watano.

Yule binti wa Songea akasema, "Lakini bibi yangu hana laini hata moja, na kila mwezi namtumia hela." Anamtumiaje? Kwa simu ya jirani. Jirani anatoa kwa wakala, anampelekea. Kimya kikatanda pale mezani, na huo ndio wakati ninaoukumbuka kuliko wote katika kisa hiki, kwa sababu hakuna aliyehitaji kuelezwa tena. Namba ileile inazidisha watu upande mmoja na kuwaficha watu upande mwingine. TCRA haijakosea popote. Imehesabu laini zilizo hai kwa sababu kazi yake ni kusimamia laini. Waliokosea ni waliolibeba neno "laini" njiani wakalishusha likiwa "watu".

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio. Kwenye taarifa hiyohiyo tukakuta akaunti za pesa za simu: zaidi ya milioni 52. Hizo nazo ni akaunti. Mwenye M-Pesa na Airtel Money anahesabiwa mara mbili. Tukaenda kwenye utafiti wa huduma za fedha wa FinScope Tanzania wa 2023, ambao hawaanzi na laini wala akaunti bali wanamuuliza mtu mzima mwenyewe, mwenye miaka 16 na kuendelea: asilimia 72 wanatumia huduma za pesa za simu, kutoka asilimia 60 mwaka 2017. Tukarudi kwenye sensa. Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, na karibu nusu yao ni watoto wa chini ya miaka 18. Kwa kukadiria tu, tukasema wenye miaka 16 na zaidi ni kama milioni 33. Asilimia 72 ya hao ni kama milioni 24.

Milioni 70, milioni 52, milioni 24. Kiongozi wa kundi akaziandika zote tatu kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, na mbele ya kila moja akaandika nani amehesabu na amehesabu nini. Sikumwagiza. Karatasi ile nimeipiga picha, na tangu hapo naitumia kufundishia badala ya slaidi zangu za zamani.

Jina la kitu

Ningeweza kuishia hapo, na wengi wangesema somo limefaulu. Lakini swali la kundi bado lilikuwa halijaguswa. Programu yao haikuwa ya watumiaji wa simu. Ilikuwa ya vikundi. Waliichukua namba ya simu kwa sababu ndiyo iliyopatikana upesi, na ya vikundi waliitafuta wakaikosa.

Niliwauliza walitafuta kwa neno gani. "VICOBA," wakasema, na kwa Kiingereza "savings groups Tanzania". Nikawaambia Serikali haiviiti hivyo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, na daraja la nne ni la vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha. VICOBA wamo humo. Benki Kuu ndiyo msimamizi, lakini usajili wa daraja hilo umekasimiwa kwa halmashauri. Maana yake, anayejua idadi ya vikundi yuko karibu kuliko walivyodhani, na anavihesabu kwa jina ambalo hawakuwa wamelitafuta.

Hili la majina natamani kila mwalimu wa biashara alitilie mkazo. Mwanafunzi anayeandika historia ya kampuni ya Airtel hapa nchini na asijue kwamba zamani iliitwa Celtel, ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, atapata nusu ya habari na ataamini amepata zote. Mwishoni mwa 2024 Tigo nayo imekuwa Yas. Na lugha vilevile. Wanafunzi wetu hutafuta kwa Kiingereza peke yake kwa sababu wanafundishwa kwa Kiingereza, ilhali wabunge wanaulizana juu ya mikopo ya "kausha damu", ile ya riba kubwa ya kuumiza, kwa Kiswahili, na Hansard inawaandika kwa Kiswahili. Ukitafuta kwa Kiingereza hutawaona.

Wakaandikiwa barua ya utambulisho, wakaenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata moja ya jiji. Aliwapokea vizuri, akawaonyesha orodha. Vilikuwa vikundi thelathini na kitu vilivyosajiliwa, na akawaambia bila kuficha kwamba visivyosajiliwa vipo vingi. Wakaomba kuvitembelea vikundi sita.

Waliyoyaleta kutoka huko hayamo kwenye kanzidata yoyote ninayoilipia. Vikundi vyote sita vilikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, kwamba lisifunguliwe ila mbele ya wanachama. Katika vinne, mwanachama aliyesafiri anaruhusiwa kutuma mchango kwa simu ya mhazini, lakini mhazini lazima aitoe hela ile kwa wakala na kuiweka mezani siku ya kikao, ihesabiwe wote wakiona. Mhazini mmoja aliwaeleza kwamba shida yao haijawahi kuwa kutuma. Shida ni kuonekana. Programu inayoficha hela ndani ya simu ya mtu mmoja inaondoa kile ambacho kufuli tatu zinakilinda. Mwingine aliwakumbusha tozo za Serikali kwenye miamala ya simu za Julai 2021, jinsi wanachama walivyorudi kwenye fedha taslimu. Kumbukumbu hiyo ikawafanya wanafunzi wazirudie makala zote walizokusanya na kuzitenga zilizoandikwa kabla ya hapo.

Mpango wao ukabadilika kuanzia mzizi. Ukaacha kuwa wa kutuma michango, ukawa wa kuandika daftari la kikundi ambalo kila mwanachama anapata ujumbe wa salio lake, hata kwenye kitochi. Soko lao la kuanzia likaandikwa kuwa vikundi vya kata tatu.

Alama

Sasa sehemu iliyoniuma. Kwa mwongozo wa kusahihisha uliokuwepo, kazi hiyo mpya ingepata alama chache kuliko ile ya kwanza. Kipengele cha soko kilikuwa na alama 15, na maelezo yake yalidai mwanafunzi aonyeshe "soko kubwa linalokua". Vikundi vya kata tatu si soko kubwa. Watano hawa walikuwa wamekwenda kata kwa miguu, wamekaa vikao vya Jumapili, wamezipima namba tatu moja baada ya nyingine, na mwongozo ulikuwa unawaambia wangebaki na milioni 70.

Nilimwendea mhadhiri na ile karatasi ya kiongozi wa kundi. Ni mtu msikivu. Alikaa nayo kidogo, akasema mwongozo aliurithi na hakuwahi kuufikiria kwa upande huo. Tuliuandika upya pamoja mchana mmoja. Kipengele cha soko sasa kinauliza namba imehesabiwa na nani, amehesabu nini, lini, na kwa nini inafaa kwa swali hili. Alama zilezile 15. Ukubwa wa namba hauna alama.

Badiliko hili moja lina nguvu kuliko masomo yangu yote, naamini hivyo kabisa. Mwanafunzi ana kozi sita na kazi za makundi kila wiki. Atajifunza kile kinachopimwa. Mkutubi akifundisha kuhoji chanzo na mhadhiri akatoa alama kwa namba kubwa, mwanafunzi mwenye akili atamsikiliza mhadhiri, na hana kosa. Kwa hiyo mazungumzo ya stadi za taarifa lazima yaanzie kwenye karatasi ya kusahihishia, mkutubi akiwa amekaa mezani na mwalimu wa kozi kabla muhula haujaanza.

Yapo ambayo hatujayapatia ufumbuzi. Wanafunzi wa mwaka wa pili ni makundi zaidi ya ishirini, na mimi siwezi kukaa saa tatu na kila kundi kama nilivyokaa na hawa. Sasa tumepunguza: kila kundi linaleta maktabani namba moja tu, ile ambayo mpango wao ungeanguka bila hiyo, katika wiki ileile wanayoandika sehemu ya soko. Dakika 30 kwa kundi. Hawaruhusiwi kuja na mbili. Somo la ukumbini tumelifuta, na maelezo ya nywila na katalogi tumeyaweka kwenye karatasi moja wanayopewa mlangoni.

Wiki iliyopita lilikuja kundi la kwanza la mwaka huu. Wamechagua biashara ya vipuri vya bodaboda, na namba waliyoileta ni ya pikipiki zilizosajiliwa nchini. Nilikuwa nafungua mdomo kuuliza, mmoja wao akanitangulia: pikipiki ikifa, kuna anayeifuta kwenye daftari?

Tumeandika barua ya kwenda kuuliza.